Mlango Uliosoma Mikono

1

Mlango wa wodi ya watoto wachanga ulimkatalia Sista Atuganile kwa sauti ya upole, sauti ambayo siku hizi aliichukia kuliko kelele.

"Mikono si salama," ulisema. "Tafadhali paka Utando, kisha subiri ukauke."

"Nimetoka kunawa sasa hivi," aliujibu, ingawa alijua kubishana na mlango ni kumpigia mbuzi gitaa. "Kwa sabuni na maji. Mpaka kwenye viwiko."

"Mikono si salama."

Sista Atuganile alikuwa mkuu wa kitengo cha kuzuia maambukizi katika Hospitali ya Lugemba. Maana yake, mikono yote iliyogusa wagonjwa katika jengo lile ilikuwa juu yake. Na sasa alikuwa amesimama nje kama mgeni aliyekuja nje ya saa za kuona wagonjwa, mikono yake ikinuka sabuni ya kufulia, kwa sababu bomba pekee lililobaki lilikuwa la dobi, nyuma ya jiko, ng'ambo ya uwanja. Alikuwa amevuka uwanja huo na mvua kwenda, na mvua kurudi.

Alichukua chupa iliyoning'inia ukutani, akapaka Utando, akakunjua vidole na kuanza kusubiri. Kimiminika kile hakikuwa na harufu wala rangi. Kikikauka kiliacha ngozi nyembamba juu ya ngozi, mtu asiihisi kabisa, na kila kijidudu kilichoigusa kilikufa tangu mwanzo wa zamu hadi mwisho wake. Jicho la mlangoni liliutambua Utando kwa mng'ao wake. Likiuona, mlango ulifunguka. Lisipouona hukuingia wodini, hukufungua kabati la dawa, wala hukushusha ukingo wa kitanda. Sabuni iliuondoa wote. Kwa hiyo aliyenawa ndiye aliyefungiwa nje.

Na kusema haki, yeye mwenyewe aliupigia kura. Alikuwa kwenye kamati siku ile walipowekewa mezani sabuni na maji, jeli ya spiriti, na huo Utando, wakaambiwa wachague. Kila mmoja pale alijua kwamba jeli nzuri ya spiriti huua karibu kila kitu, mradi mtu aipake kila anapotoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, na aisugue mpaka ikauke yenyewe. Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Watu hawakupaka. Walipita mbele ya chupa kama wanavyopita mbele ya ombaomba, macho mbele. Sista Atuganile alikuwa ameomba, amegomba, amebandika picha ukutani, amewavizia madaktari kwenye pembe za korido. Na huku akigomba, watoto njiti, waliozaliwa kabla ya siku zao, walipata homa mmoja baada ya mwingine, na yeye na wenzake wakawaviringisha katika khanga za mama zao.

Utando ulipokuja, vifo vile vilikoma, karibu vyote. Masinki yakang'olewa wodini, kwa hoja iliyokuwa na ukweli wake, kwamba vijidudu hupenda kuzaliana kwenye mabomba ya maji machafu. Sista Atuganile hakuyalilia masinki. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alilala bila kusikia sauti yake mwenyewe kichwani ikisema, mikono, mikono, mikono.

Kisha wazee wakaanza kuharisha.

2

"Bado tunarudia yale yale, Sista?" alisema Dkt. Ngimbudzi, Mganga Mfawidhi wa hospitali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na skrini ya ukutani ofisini kwake ilimuonyesha kila saa kwamba mikono yote hospitalini ilikuwa salama.

"Yale yale, Daktari, kwa sababu hayajasikika. Wodi ya wazee imejaa kuhara. Mzee Mwalwisi tumemzika. Alikuja kutibiwa nyonga, akafa kwa ugonjwa aliopewa humu ndani."

"Wazee hufa."

"Wazee hufa, ndiyo. Lakini hawafi wote kwa tumbo moja, kwa kufuata mpangilio wa vitanda."

Dkt. Ngimbudzi alivua miwani. "Utando unaua vijidudu. Ulisoma utafiti pamoja na mimi."

"Unaua vilivyo hai. Hiki cha sasa kikibanwa hujivika ganda na kulala, kama mbegu kavu. Spiriti haiingii kwenye ganda lile. Utando nao hauingii. Kinachosaidia ni kusugua kwa sabuni na kukisukumia mbali na maji. Hukiui, unakiondoa tu. Na sisi maji tumeyang'oa."

"Watengenezaji wamesema watalitazama."

"Wamesema hivyo tangu kiangazi, na sasa mvua inanyesha. Hebu nisikilize, Daktari. Utando unanata kidogo. Mbegu zile zinakaa juu yake, na mtu anatembea nazo kitanda hadi kitanda, na kila mlango unamwambia mikono salama, karibu. Zamani mtu mchafu alikuwa angalau na wasiwasi. Sasa tumemwondolea hata wasiwasi."

Mganga Mfawidhi alifuta miwani kwa pindo la koti. "Unataka nizime milango."

"Nataka watu wanawe bila kuadhibiwa."

"Ni kitu kile kile. Mtambo hauzimiki nusu. Nikizima milango ya wazee, nimezima na ya vichanga. Unakumbuka wodi ile ilivyokuwa, Sista? Unakumbuka kuliko mimi." Alivaa miwani yake. "Ukiniletea njia ya kuwaokoa wazee bila kuwarudisha wale watoto kwenye mikono ya watu, nitasaini hapa hapa. Huna njia hiyo. Na mimi sina."

Sista Atuganile alitoka ofisini akiwa na hasira, na kilichomkera zaidi ni kwamba mtu yule alikuwa amesema kweli.

3

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, siku mbili baadaye. Sista Atuganile alikuwa ametoka wodi ya wazee, amevuka uwanja, amenawa kwa dobi, amerudi. Alikuwa anakaribia chupa ya ukutani aliposikia kengele ndani ya wodi ya vichanga. Akachungulia kwenye kioo.

Ndani alikuwepo Sista Bupe peke yake. Mwenzake alikuwa amepeleka mtoto upasuaji. Bupe alikuwa ameinama juu ya kichanga mmoja, akimsukumia hewa kwa mfuko, vidole vyake viwili vikibana barakoa ndogo usoni. Hakuweza kumwacha. Na kitanda cha pili kutoka pale, kichanga mwingine, mtoto wa mama aliyeitwa Subilaga, alikuwa amebadilika rangi. Midomo ilikuwa ya bluu, kifua kimetulia.

Sista Atuganile aliweka mikono mbele ya jicho la mlango.

"Mikono si salama."

Aliinyakua chupa, akapaka. Lakini Utando ulihitaji kukauka, na alijua muda wake: maji ya chai yangechemka kabla haujakauka. Ubongo wa mtoto usiopata hewa hausubiri chai.

Wakati huo huo Dkt. Ambakisye alitokea koridoni akikimbia. Alikuwa daktari wa watoto, kijana wa miaka thelathini na kitu, hodari, mpole, kipenzi cha akina mama. Kengele ilikuwa imemwita.

"Umetoka wapi?" Sista Atuganile alimuuliza.

"Kwa wazee. Siku tatu hizi wananiomba niweke dripu, mishipa imewagomea. Nipishe, Sista."

"Ulimshika nani?"

"Yule wa kona, anayeharisha. Sista, nipishe, mtoto hapumui."

Sista Atuganile alisimama mbele yake. Baadaye, alipoulizwa na kamati, hakuweza kueleza alifikiri nini, kwa sababu hakufikiri kwa maneno. Aliona vitanda vile vyote vya njiti, na mikono ya kijana huyu ikipita kutoka kimoja hadi kingine. Matumbo yale yalikuwa membamba kama karatasi. Hakujua kwa hakika kwamba ugonjwa wa wazee ungewaua watoto. Hata kwenye vitabu watu walikuwa bado wanabishana. Alijua tu kwamba kuna mmoja anayekufa sasa, mbele ya macho yake, na wengine ambao labda wangekufa wiki ijayo, na kwamba wale wa wiki ijayo hakuna kengele inayolia kwa ajili yao.

"Mikono yako ina kinyesi cha mgonjwa," alisema.

"Ina Utando."

"Ina Utando na kinyesi cha mgonjwa. Fungua mlango, Daktari. Wewe fungua, niingie mimi."

Daktari alimtazama kana kwamba amepungukiwa akili. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, ambayo haikuonekana kuwa na chochote, akainyoosha mbele ya jicho.

"Mikono salama," mlango ulisema. "Karibu, Daktari Ambakisye."

Ulipofunguka, aliyepita ni Sista Atuganile. Viganja vyake alivifuta kwa kitambaa safi cha kichanga huku akikimbia, Utando ule mbichi ukaondoka. Alikuwa mkunga kabla ya kuwa mkuu wa kitu chochote. Alimnyoosha mtoto shingo kidogo, kama anayenusa, akambana barakoa, akasukuma hewa. Kifua hakikuinuka. Akarekebisha kidevu, akasukuma tena, kikainuka. Nje ya kioo Dkt. Ambakisye alikuwa anamwelekeza kwa sauti, polepole, usibane sana, haya tena, na yeye alifuata, kwa sababu jicho la daktari lilikuwa zuri hata kama mikono yake haikuwa.

Mtoto alikohoa. Kisha akalia kilio chembamba kama cha paka, na wekundu ukaanza kurudi kwenye midomo.

Hapo ndipo mtambo ulipogundua kwamba ndani ya wodi kulikuwa na mikono isiyo na Utando.

"Wodi imechafuka," sauti ilisema kutoka darini, kwa upole ule ule. "Milango inafungwa kwa usalama wa watoto."

Makomeo yakagonga, moja, jingine, mpaka la mwisho. Sista Bupe aliinua uso juu ya kichanga chake, ambaye naye alikuwa ameanza kupumua mwenyewe, akamtazama mkubwa wake.

"Imechafuka na nani?" aliuliza.

"Na mimi," alisema Sista Atuganile. Akavuta kiti akakaa.

4

Kuondoa kifungo kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa rahisi mno: apake Utando, ukauke, mtambo umtambue, wodi ifunguliwe, shughuli ziendelee. Ya pili ilikuwa mikononi mwa Mganga Mfawidhi, kuzima milango yote ya hospitali.

Dkt. Ngimbudzi alifika upande wa pili wa kioo akihema. Dkt. Ambakisye hakuwepo tena. Akina mama walikuwa wameanza kukusanyika, maana saa ya kunyonyesha ilikuwa imefika. Subilaga alikuwa mbele yao, gauni lake limelowa kifuani kwa maziwa, paji la uso limegusa kioo. Alikuwa ameambiwa kwamba mtoto wake amekufa, kisha ameambiwa kwamba amefufuka, na hakuwa tayari kuamini lolote mpaka amshike.

"Paka, Sista," Dkt. Ngimbudzi alisema kwenye kipaza sauti. "Paka tumalize. Hakuna atakayekuadhibu."

"Sipaki."

"Watoto wanataka kunyonya."

"Maziwa yaliyokamuliwa yapo kwenye friji. Yatawatosha kwa sasa. Yakielekea kuisha nitapaka, Daktari, siwezi kumweka mtoto njaa ili nikushinde wewe. Lakini mpaka hapo, sipaki. Nikipaka tu, kesho utaniambia tena bado tunarudia yale yale."

"Unawatumia watoto."

Neno lile lilimchoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli. Alimtazama Subilaga kwenye kioo, na Subilaga alimtazama yeye.

"Nawatumia," alisema. "Kwa muda mfupi, na sipendi. Wewe umewatumia kwa miezi. Kila nikikutajia mzee aliyekufa, unanitajia mtoto."

Mama mmoja aliuliza taratibu, wazee gani hao.

Ndipo Dkt. Ambakisye aliporudi. Alikuwa ametoka maabara, na alikuwa ameishika mikono yake mbali na mwili, kama mtu aliyeshika samaki. Alikuwa ameiweka yeye mwenyewe chini ya mashine inayosoma vijidudu, bila kutumwa na mtu.

"Zimejaa," alimwambia Mganga Mfawidhi. "Mbegu za ugonjwa wa wazee. Viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha." Akautazama mlango. "Mlango huu ulinifungulia mara nne leo asubuhi. Na jana. Na juzi nilimlisha njiti kwa kidole."

Dkt. Ngimbudzi alikaa kwenye benchi la akina mama, baina ya wawili wao, akainamisha kichwa. Aliponyanyuka alikwenda karibu na kioo, akasema kwa sauti ambayo hakutaka wengine waisikie, ingawa kipaza sauti kilimfanya asikike na wodi nzima.

"Nitazima. Masinki yatarudi, jeli itarudi kila kitanda. Utando utabaki chumba cha upasuaji tu. Lakini unajua kinachokuja. Watu watasahau. Mtoto wa kwanza atakayeugua kwa sababu mtu alipita bila kunawa, Sista Atuganile, utakwenda wewe kumwambia mama yake. Sitakwenda mimi."

"Nitakwenda," alisema.

Makomeo yaliachia. Sauti ya darini haikusema neno. Subilaga aliingia kwanza, na Sista Atuganile alimnyooshea kidole kabla hajafika kitandani.

"Jeli kwanza, mama. Kwenye lile kabati la akiba. Sugua mpaka ikauke, ndipo umshike."

5

Kuhara kulipungua, kisha kukakoma. Wodi ya wazee ilirudi kunuka dawa na uji kama wodi yoyote. Mafundi walifunga masinki mapya, wakayafunga kombo, mengine yakavuja, na Sista Atuganile alikwenda kuwagombeza mafundi. Jeli ya kwanza iliyoletwa ilikuwa na maji mengi kuliko spiriti. Akairudisha. Ya pili ilikausha ngozi za wauguzi mpaka zikapasuka, nao wakaacha kuitumia, akairudisha nayo. Ya tatu ilikuwa na mafuta ya kulainisha na nguvu ya kutosha, akaikubali, kisha akagundua chupa zake zimefungwa nyuma ya milango, mahali ambapo mlango ukiwa wazi hakuna anayeziona. Akavua viatu, akapanda kwenye kiti, akazifungua mwenyewe kwa bisibisi.

Kabla masika hayajaisha, mtoto mmoja wa wodi ya vichanga alipata homa. Alikuwa wa kiume, mzaliwa wa kwanza wa mama aliyeitwa Nsia, na alikuwa ameanza kunenepa. Maabara ilikitambua kijidudu chenyewe. Kilikuwa cha kawaida kabisa, cha mikononi, kile ambacho jeli kidogo ingekimaliza, na Utando ungekimaliza bila mtu kukumbuka. Dawa zilikichelewa. Mtoto alifariki asubuhi, jua likiwa limetoka.

Sista Atuganile alikwenda kwa Nsia. Hakumtuma mtu. Alikaa kando yake kitandani, akamwambia jinsi ilivyokuwa: kwamba mtu fulani, hawakujua nani, alimgusa mtoto bila kutakasa mikono.

Nsia aliikunja na kuikunjua khanga mapajani.

"Wanasema zamani mlango ulikuwa unawazuia," alisema mwishowe.

"Ulikuwa unawazuia."

"Ungemzuia huyu?"

"Ungemzuia."

"Nani aliuzima?"

"Mimi niliomba uzimwe. Ulikuwa unaua watu wengine, wazee, upande ule. Nilijua kwamba inaweza kutokea hivi. Nilijua, na niliomba."

Nsia alimtazama. Sista Atuganile alisubiri atukanwe, apigwe, lolote. Angelipokea.

"Sikusamehi," Nsia alisema. "Lakini umekuja mwenyewe. Nisaidie kumvika."

Wakamvika pamoja.

Dkt. Ngimbudzi alikuwa koridoni alipotoka. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. "Naweza kuwasha milango ya vichanga peke yake," alisema. "Watengenezaji wamerekebisha, mtambo sasa unagawanyika. Ukisema niwashe, nawasha leo. Wodi hiyo moja."

"Na utayang'oa tena masinki yake?"

"Lazima. Sabuni inauondoa."

Alifikiri juu ya mtoto wa Nsia, uzito wake mikononi. Alifikiri juu ya Dkt. Ambakisye na mikono yake mbali na mwili, na sauti ya upole ikimkaribisha. Alitamani, kwa moyo wote, kusema ndiyo na kwenda kulala.

"Usiwashe," alisema.

"Una hakika?"

"Sina. Usiwashe."

Mganga Mfawidhi aliitikia kwa kichwa, akaenda zake. Sista Atuganile alibaki amesimama karibu na sinki la mlangoni, ambalo lilikuwa linavuja bado. Kijana wa mafunzo ya udaktari alikuja kwa haraka, faili kwapani, akalipita sinki, akaipita jeli, akanyoosha mkono kushika kitasa cha wodi ya vichanga.

"Mikono," alisema Sista Atuganile.

"Nimenawa asubuhi, Sista."

Alimtazama kijana yule, uso wake mwema usio na wasiwasi wowote, na akahisi hasira ikipanda toka nyayoni, kubwa kuliko kosa, kubwa kuliko kijana. Aliisubiri ishuke. Haikushuka yote.

"Rudi," alisema, akafungua bomba.